Mlango wa Dereva

Khamisa Makame anaendesha gari lake mwenyewe. Naanza na jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa katika siku tano za mwezi wa Oktoba ninazozisimulia hapa, watu waliomjua vyema, na ambao wote walimtakia kheri, walizungumza naye kana kwamba si kweli.

Tumesoma pamoja, na nyumba zetu za Kiponda, Mji Mkongwe, zinatazamana kwa upana wa uchochoro, kwa hiyo kikohozi chake nakijua hata nikiwa jikoni. Kwa miaka ishirini alikuwa mshoni wa sare za skuli, mwenye cherehani tatu ambazo kila zilipogoma alizifungua na kuzifunga kwa mkono wake. Alipoachika hakurudi kwa kaka yake. Aliuza cherehani mbili, akaongeza alichokirithi kwa mama yake, akanunua gari dogo jeupe la milango minne, kuukuu lakini zima, na akajifunza kuliendesha akiwa na umri wa miaka arubaini na moja. Tangu hapo kazi yake ni kuwachukua watoto wanne wa skuli ya maandalizi, asubuhi kutoka Bububu hadi mjini, mchana kuwarudisha.

Miaka miwili iliyopita alifanyiwa operesheni ya saratani ya titi, upande wa kushoto. Alipona. Mkono wa upande huo, hata hivyo, haukurudi kuwa ule wa zamani: ukitumikishwa sana huvimba, na hauwezi kunyooshwa nyuma. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuoneana huruma tu. Kwa dereva ni jambo la milango. Dereva wetu hukaa kulia, na gari la Khamisa lilikuwa la zile loki za kubonyeza kwa kidole, kipini kimoja juu ya kila mlango. Kila mama alimleta mwanawe barabarani, akamwingiza, akaufunga mlango na kupunga mkono. Kukibonyeza kipini ilikuwa juu ya Khamisa, na kipini cha mlango wa nyuma, kushoto, hakukifikia tena. Kile kitufe cha kuwazuia watoto, kinachofichwa ubavuni mwa mlango, kilikwisha kuliwa na chumvi ya bahari zamani.

Kwa hiyo alimpa kazi hiyo Mwanamkasi, msichana wa miaka sita, mkubwa kuliko wenzake na mwenye kupenda amri. Mwanamkasi alikaa kushoto, akabonyeza, akatangaza: "Tumefunga." Utaratibu huo ulikwenda vizuri mpaka Alkhamis ile Mwanamkasi alipoamka na homa.

Nafasi yake aliikalia Jaku, mwenye miaka minne na udadisi usio na mpaka, na kipini kikabaki juu. Karibu na Mtoni, gari lilipopunguza mwendo kulivuka tuta, Jaku alikivuta kishikio ili aone kitakachotokea. Mlango ukafunguka wote. Khamisa alikanyaga breki, na alipogeuka alimkuta mtoto ameng'ang'ania kiti, mguu mmoja nje, kiatu chake kiko barabarani nyuma yao.

Hakuumia. Wengi wangeliacha hapo na kumhonga mtoto peremende. Mchana ule Khamisa alimfikisha Jaku nyumbani, akamwomba mama yake, Bi Nassra, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, watoke ukumbini.

"Leo mlango wa nyuma ulifunguka njiani, na Jaku ndiye aliyekuwa karibu nao," alimwambia. "Nimetaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake."

Bi Nassra anafanya kazi benki, na ana tabia ya kunyamaza mpaka mtu aongeze maneno. Khamisa hakuongeza.

"Ni mkono wako ule?"

"Mkono na mlango. Mkono sina la kuufanya. Mlango naweza."

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi utaukuta unafungwa."

"Basi kesho Jaku atakaa kwa bibi yake. Jumatatu ntaitazama hiyo gari mwenyewe. Ikiwa vile vile, Khamisa, ntamtafutia gari nyengine, na wenzangu nao watauliza kwa nini. Usinichukie."

"Sikuchukii. Ningekuwa wewe ningesema hayo hayo."

Habari ilimfikia kaka yake Khamisa, Simai, kabla ya Magharibi, kwa kuwa mji huu ndivyo ulivyo. Alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kulimaliza jambo.

"Nimekwambia tangu Ramadhani," alisema. "Gari tuitie dereva. Yuko Mudrik, mtu mzima, ana leseni, hana kazi. Wewe utakaa kwako, kila mwezi utapata chako. Mgonjwa hashindani na barabara."

"Nilikuwa mgonjwa, kaka. Nimepona."

"Na huo mkono?"

"Huu ni mkono, si ugonjwa."

"Ushindani tu. Haya, Jumatatu mama wa yule mtoto akikataa, itakuwaje?"

Khamisa alimjibu: "Akikataa, mlete Mudrik."

Nilikuwepo, na nilimlaumu alipoondoka kaka yake. Aliniambia kwamba mtu asiyeweza kuwafungia watoto milango hana haki ya kuwabeba, awe na mikono mingapi.

Siku ya Ijumaa mchana, alipokwisha kuwarudisha watoto waliobakia, alikwenda madukani Mlandege akanunua seti ya loki za umeme. Kuna kisanduku kidogo cheusi, fungu la waya na vimota vinne, kila kimoja cha mlango wake. Vitatu kati ya hivyo vina waya mbili mbili, na kazi yao ni kutii: vikiambiwa fungeni vinafunga. Cha nne kina waya tano, na ndicho kinachoamrisha. Mlango uliotiwa kimota hicho ukifungwa, yote hufungwa. Ukifunguliwa, yote hufunguka. Aliichukua seti hiyo hadi Ng'ambo kwa fundi Borafya, mwanamume wa kisiwa cha Tumbatu anayesifika kwa umeme wa magari na kwa adabu. Sifa zote mbili ni za haki.

"Nataka milango yote ifungike kutoka mbele, kwa mkono mmoja," Khamisa alimweleza.

"Nshafahamu, Bi Khamisa. Na bwana yuko kazini leo?"

"Bwana gani?"

"Mwenye kuendesha."

"Naendesha mimi."

"Naam, leo."

"Kila siku, Borafya."

Borafya alicheka kwa upole, kama anavyochekewa mgeni anayedai kuwa keshashiba, akaupokea ufunguo.

Jumamosi adhuhuri Khamisa alilikuta gari limeoshwa. Borafya alimfungulia mlango wa mbele, wa kushoto, akamkaribisha akae.

"Bonyeza hicho kipini, bibi."

Alikibonyeza, na milango minne ikajifunga kwa pamoja. Kisha akashuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani na kukibonyeza kipini cha mlango wake. Mlango wake ukafunga. Mitatu mingine haikujishughulisha.

"Huku hakuamrishi," alisema.

"Hapana, huko ni kwa dereva. Amri nimeitia kwako." Borafya alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Mimi kila gari naifunga hivi. Tazama, tunarudi shamba, Magharibi inatukuta njiani. Sisi tunashuka kusali, bibi anabaki garini na watoto na mizigo. Zamani ilimbidi ageuke huku na huku, mlango mmoja mmoja. Sasa anabonyeza ubavuni mwake, amesalimika. Gari saba nshazitia, na wote wananiombea dua."

Naomba nieleweke. Desturi hiyo naijua, na mimi mwenyewe nimekaa mara nyingi katika gari lililoegeshwa nje ya msikiti, giza likiingia, nikihesabu milango. Borafya ndiye fundi wa kwanza niliyemsikia akimfikiria mwanamke anayebaki garini, na kwa wema huo anastahili dua zake. Linalonighadhibisha ni kwamba wema huo ulikwisha kumpimia mwanamke kiti chake kabla hajasema neno, na aliposema, tena mara mbili na kwa lugha iliyo wazi, kiti hakikuhama. Borafya alimwona akiingia na gari mwenyewe langoni, akiliegesha kinyumenyume baina ya magari mawili, akimkabidhi ufunguo. Macho yake yaliona na hayakumshauri chochote.

"Na dereva akiwa mimi?" Khamisa alimuuliza.

Borafya alitazama chini. "Nilidhani unasema tu."

"Ihamishe."

"Wallahi leo haiwezekani. Naondoka sasa hivi, nna harusi ya mdogo wangu kwetu, boti inanisubiri Mkokotoni. Jumatano ntakuhamishia, na sitaki chochote."

"Jumatano mimi si dereva tena."

Alimweleza kwa maneno machache kuhusu Jaku, Bi Nassra na Mudrik. Mtu yule alijikuna shingo, akatazama saa yake na gari mara kadhaa.

"Basi nionyeshe," Khamisa alisema. "Kisanduku kipo wapi, na waya ipi ya kazi gani. Ntaihamisha mwenyewe."

"Utaiharibu, bibi."

"Ikiharibika utaitengeneza Jumatano. Nionyeshe."

Alimwonyesha. Nasema kwa haki yake kwamba alimwonyesha kila kitu, akiwa amepiga magoti katika kanzu ya safari, na boti ikisubiri. Waya ya buluu na ya kijani ni za kukisukuma kimota juu na chini. Tatu nyengine ni za kupeleka habari kwenye kisanduku. Fyuzi ni hii, ichomoe kabla hujagusa kitu. Khamisa aliyaandika yote kwenye karatasi ya kukatia ruwaza za nguo. Mwishoni Borafya alimwachia plaizi yake, jambo ambalo mafundi hawalifanyi.

Gari haliingii Kiponda. Kama wakaazi wote wa Mji Mkongwe, Khamisa huliacha mahali pasipoonekana kutoka dirishani kwake, katika uwanja wa wazi upande wa Malindi, na hapo ndipo alipotandika mkeka Jumapili baada ya chai. Alivaa soksi ya mkono aliyopewa hospitali, ile inayobana ili uvimbe usipande. Alikuwa na bisibisi mbili, plaizi ya Borafya, tepu nyeusi, kikapu cha nyuzi za cherehani, na mimi nikiwa na kazi ya kushika nilichoambiwa nishike.

Pale uwanjani kuna madereva wa teksi wanaosubiri abiria wa boti, na mkubwa wao kwa ulimi ni Kheir, mwanamume mnene mwenye kofia nzuri.

"Bi Khamisa," aliita alipoona ngozi ya mlango wa kwanza imevuliwa na kulazwa mkekani, "gari unaichinja au unaitahiri?"

"Naishonea, Kheir. Na wewe una nguo ya kushona?"

"Yangu haifungi kifungo. Tumbo."

"Basi tatizo si fundi."

Wenzake walicheka, naye pia, akavuta kiti karibu. Kila baada ya dakika chache alijitolea: lete nikufungulie hiyo, lete nikushikie hiyo bisibisi. Khamisa alimjibu kila mara kwamba akihitaji ataomba. Hakuwa na kiburi. Aliniambia baadaye kuwa kesho asubuhi kitu kikikwama pale Bububu, Kheir hatakuwepo, kwa hivyo ilimpasa ajue kila skrubu inaingia wapi.

Alifungua kwa mkono wa kulia na kutumia wa kushoto kuzuia tu, akiwa ameuegemeza juu ya mto. Kila nusu saa aliuinua na kuupumzisha. Vimota viwili vya mbele vikabadilishana milango. Kisha likaja gumu: waya tano za kuamrisha, zikipitishwa chini ya dashibodi hadi upande wa kulia, zilipungua shibiri mbili. Hilo alikuwa amelikisia tangu jana, akanunua waya ya kuongezea, ila dukani palikuwa na nyeusi peke yake. Vipande vitano vyeusi, vinavyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Khamisa akakifungua kikapu chake, akafunga uzi wa rangi kwenye kila ncha: mweupe, wa hudhurungi, mweusi, buluu, kijani. Hata Kheir alisema hiyo ni akili.

Ilipofika saa sita waya zote zilikuwa zimesokotwa na kufungwa tepu. Alikirudisha kipande cha nailoni kinachozuia mvua isipenye mlangoni, ambacho Borafya alikuwa amekichana, akakibandika upya. Akairudisha fyuzi, akakaa kwenye usukani, akakibonyeza kipini.

Milango minne ikaanza kugonga. Kipini chake kilipokwenda chini vyengine vilikwenda juu, vyengine viliposhuka chake kikaruka, tak tak tak tak, bila ya kusita, gari zima likitetemeka na madereva wote wakisimama.

"Imepandisha pepo hiyo," Kheir alisema. "Mwulize jina lake kabla hajakuomba mkufu."

"Leteni ubani," mwengine akadakia.

Khamisa aliichomoa fyuzi, na kimya kikarejea. Uso wake ulikuwa na jasho, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kujaa juu ya kiwiko. Niliuona ukibana soksi. Nilimwambia turudi nyumbani. Nilisema, na naona haya kuyaandika, kwamba hata Mudrik si mtu mbaya.

Khamisa alikaa kitako mkekani na karatasi yake ya ruwaza, akizungumza peke yake kwa sauti ya chini. Mlango wangu ukifunga, unaviambia vyengine vifunge. Vinafunga. Halafu kimota changu mwenyewe, badala ya kwenda nao chini, kinapanda. Kikipanda, kinatoa amri ya kufungua. Vinafungua, chenyewe kinashuka. Kwa hiyo amri ni sahihi, ila kimota changu kinakwenda kinyume na amri yake chenyewe. Za kukisukuma ni mbili tu, ya buluu na ya kijani.

Akaikata tepu kwa wembe. Mle chini ya dashibodi, penye kivuli, uzi wa buluu alikuwa ameufunga kwenye waya ya kijani na wa kijani kwenye buluu. Nyuzi zote mbili zilikuwa za giza, za sare za skuli. Akazibadilisha, akazifunga tena, akairudisha fyuzi. Alibonyeza. Milango minne ikafunga mara moja, ikanyamaza. Akakivuta kipini. Ikafunguka. Alirudia mara ishirini, na hakuna aliyemtania.

"Bado," Khamisa alimwambia Kheir alipoanza kupiga makofi. Alikwenda kwenye milango ya nyuma, akavizungusha vile vipini vya juu, akavitoa kabisa, akavitia mfukoni, ili mtoto asiwe na cha kukivuta. Kuanzia hapo loki ya nyuma inamsikiliza dereva tu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa nje ya nyumba ya Bi Nassra, Bububu. Khamisa aliniruhusu nikae mbele kwa sharti nisiseme kitu. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mto usiku kucha na uvimbe ulikuwa umepungua. Simai alikuja pia, kwa pikipiki yake, na nyuma ya pikipiki alikaa mtu mpole mwenye shati iliyopigwa pasi, ambaye nilimjua kuwa ni Mudrik bila ya kutambulishwa.

Bi Nassra alitoka amevaa nguo za kazi, Jaku mkononi. Hakumwingiza mtoto na kufunga mlango kama siku zote. Aliingia yeye mwenyewe, akakaa kushoto mahali pa Mwanamkasi, akampakata Jaku.

"Nenda," alisema.

Khamisa alikibonyeza kipini chake. Tukaondoka. Wale watoto wengine walipanda vituoni mwao wakashangaa kumkuta mtu mzima kiti cha nyuma, na Mwanamkasi, aliyekwisha kupona, alikaa katikati kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa cheo. Katika kila kituo dereva alifungua na kufunga bila ya kugeuka. Bi Nassra alikuwa akikijaribu kishikio. Nilimsikia kabla ya Mtoni, nikamsikia pale pale penye tuta, akavuta kwa nguvu, na baada ya hapo Jaku naye akavuta kwa mikono miwili mpaka akachoka. Simai na abiria wake walitufuata hadi karibu na Kinazini, kisha kwenye kioo sikuwaona tena.

Mbele ya skuli watoto walianza kukusanya mikoba. Khamisa alizima gari, akavuta breki ya mkono, akatazama barabara nyuma na mbele, bila ya haraka.

Bi Nassra alivuta kishikio mara ya mwisho.

"Nifungulie, Khamisa. Nnachelewa kazini."

Khamisa alikivuta kipini, na milango yote minne ikafunguka. Bi Nassra alimshusha mwanawe, akainyoosha abaya yake, akainama kwenye dirisha la dereva.

"Mchana utamrudisha saa ngapi?"

"Saa saba, kama siku zote."

"Bibi yake atakuwepo barabarani," alisema, na akaenda zake kutafuta usafiri wa kumfikisha benki.